Mgonjwa wa "prive": siku 31 za kuzuiliwa kwa Mama Ilunga katika hospitali ya serikali, Lubumbashi

Fishi, yaani kadi ya mgonjwa, katika hospitali za Lubumbashi, Kongo, ina nafasi ndogo ambamo karani huandika neno moja kati ya mawili. Abone, kama yupo mwajiri atakayemlipia. Prive, kama hayupo. Nilikaa kwenye dirisha la fakture (hati za madai ya malipo) la hospitali moja ya serikali kwa miaka saba, na hilo neno la pili nimeliandika hata mkono ukalizoea kuliko jina langu. Muuza bitumbula, maandazi ya kukaanga, wa mtaa wa Katuba anaingia kwenye geti lenye bendera ya taifa, anaandikwa mgonjwa "binafsi". Sikuwahi kujiuliza maana yake mpaka Septemba 2018, alipoletwa mama ninayemsimulia hapa.

Hospitali siitaji jina. Familia nimeificha kwa kubadilisha vitu vidogo visivyogusa hesabu. Yeye nitamwita Mama Ilunga, na Katanga hii kina Mama Ilunga ni wengi kama mahindi, kwa hiyo hakuna atakayemtambua.

Alikuwa na miaka 26, mimba ya tatu. Mume alikuwa upande wa Kolwezi, mji wa migodi, akichimba madini kwa mikono, yeye akikaanga bitumbula mbele ya nyumba ya babamkwe. Uchungu ulimshika asubuhi, akaenda kituo cha afya cha mtaani, na saa mbili usiku mtoto alikuwa hajashuka. Muuguzi wa pale akaandika karatasi ya kumhamisha. Teksi ikataka dola tano kwa sababu ni usiku. Saa tatu na nusu wakawa kwetu.

Daktari alimpima, na saa nne kamili akaandika kwenye fishi kwamba apasuliwe. Kisu kiligusa ngozi saa tisa na robo za alfajiri. Ukitaka kujua hospitali ya serikali inamtendea nini mtu asiye na bima, chunguza hayo masaa matano na robo, maana chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, daktari alikuwepo, na jenereta ilikuwa na mafuta.

Kwanza ilikuwa dhamana. Prive alitakiwa kuweka dola 100 kabla ya operesheni. Familia ilikuwa na 50. Mimi sikuwa na mamlaka ya kupunguza, mhasibu mkuu alikuwa nyumbani, simu yake imezimwa. Saa sita daktari alishuka mwenyewe hadi dirishani, akatia saini kwamba 50 zinatosha. Huyo daktari simlaumu, na wala simsifu kupita kiasi, kwani angeweza kushuka saa nne. Halafu ikaja orodha ya vitu vya kununua: glavu, nyuzi, sindano ya ganzi ya mgongo, serumu (maji ya kutundikiwa), antibiotiki. Duka la dawa la hospitali lilikuwa na nusu yake. Wifi yake akavuka barabara kwenda duka la ng'ambo, lile ambalo halifungi usiku kwa sababu linajua kwa nini halifungi. Sindano ya ganzi hawakuwa nayo. Akachukua pikipiki mpaka mjini. Dola kama 60 zilitoka kwa njia hiyo, na hazionekani kwenye fakture yangu hata moja, kwa hiyo anayesoma vitabu vya hospitali ile ataona gharama ndogo kuliko ile familia iliyoilipa.

Wakati huo babamkwe alikuwa amesimama mbele yangu. Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa ndani ya plastiki: karte ya zamani ya matibabu ya Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali.

"Mwanangu, angalia hii. Siye tulizalishaka bana betu bote bule." Yaani watoto wao wote walizaliwa bila wao kulipa.

Nikamjibu kama tulivyozoea kuwajibu wazee wa namna yake. "Muzee, ya bule ilikwishaka." Mambo ya bure yalikwisha.

Nilisema hivyo kwa upole, hata nikatabasamu. Mpaka leo tabasamu lile ndilo linalonisumbua kuliko jibu lenyewe.

Yule mzee hakuwa anadanganya. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 ukiwa mji wa Union Minière du Haut-Katanga, na tangu miaka ya 1920 kampuni ile ilipoamua wafanyakazi wakae kambini na wake zao, ilianza kuwajengea zahanati, nyumba za kujifungulia, na mahali pa kupima uzito wa watoto. Ilifanya hivyo kwa hesabu zake. Mfanyakazi anayekufa au kutoroka ni hasara, na mtoto wa mfanyakazi ni mfanyakazi wa kesho. Mwaka 1967 serikali ikaichukua kampuni, baadaye ikaitwa Gécamines, nayo ikaendelea vilevile: unga, shule, hospitali. Mwaka 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka michache baadaye kampuni ilikuwa inatoa tani chache hata isiwe na maana kuzilinganisha. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi fulani na kuambiwa waende nyumbani. Mpango huo uliitwa "kuondoka kwa hiari". Waliondoka wakiwa wanadai mishahara ya miezi na miezi. Yule babamkwe alikuwa mmoja wao. Siku aliyotia saini alitoka kwenye safu ya abone akaingia kwenye safu ya prive, pamoja na mke, wana na wajukuu ambao hawajazaliwa, na nadhani hakuna aliyemweleza hilo.

Upande wa hospitali za serikali mambo yalikwenda kwa njia nyingine lakini yalifika mahali pamoja. Miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa inasifiwa kwa kugawa nchi katika zone (maeneo) za afya. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana Bamako, Mali, kwamba mgonjwa achangie kidogo gharama ya dawa. Kidogo. Kisha Mei 1990 wanafunzi wakauawa hapa hapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu. Ikaja uporaji wa 1991 na wa 1993, na mishahara ya serikali ikageuka karatasi. Mchango wa mgonjwa, uliokusudiwa kuongezea, ukabaki peke yake mezani. Hakukuwa na siku ambayo waziri alisimama akatangaza kuwa hospitali zimeuzwa. Hakuna mnunuzi, hakuna mkataba. Ndiyo maana watu wakibishana kuhusu kubinafsisha hospitali katika nchi nyingine, sisi hudhani jambo hilo halituhusu.

Turudi kwenye fakture. Siku ya sita Mama Ilunga aliruhusiwa na daktari, na mimi nikaitoa. Fishi na kupimwa dola 8, operesheni 150, ganzi 30, maabara 12, damu chupa moja 25, huduma ya mtoto 15, kitanda usiku sita kwa dola 4, yaani 24. Jumla 264. Kalipa 50. Deni 214.

Hizo 264 zilikuwa zinakwenda wapi? Nilizigawa kwa mkono wangu, najua. Fungu kubwa lilikwenda kwenye primu (posho) ya wafanyakazi, maana wauguzi na wakunga wengi wa wodi ile hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na waliokuwemo walipata kiasi kisichotosha hata kodi ya nyumba mtaa wa Kampemba. Fungu lingine lilikuwa la dawa, sabuni na mafuta ya jenereta. Na fungu lingine, dogo lakini la lazima, lilipanda juu: ofisi za afya na idara za serikali zinazokusanya mapato. Hili huwa nalirudia kwa watu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawalisikii. Mwenye hospitali ni serikali, na katika operesheni ya Mama Ilunga serikali haikuleta hata franka moja, ila ilikuja kuchukua.

Kwa hiyo mkunga aliyemshika mkono usiku ule, akamwimbia ili asilale, ndiye yule yule aliyesema siku ya sita: "Asitoke mpaka alipe." Mtu wa nje ataona ukatili hapo. Mkunga alikuwa anatetea chakula cha watoto wake dhidi ya mwanamke maskini kuliko yeye, na mpango mzima umejengwa ili hao wawili wakutane uso kwa uso na asiwepo wa tatu.

Kumzuia mgonjwa hakuhitaji kamba. Mlinzi wa geti anataka hati ya kutoka, hati inatolewa na dirisha langu, na dirisha langu haliitoi bila risiti. Basi. Mama Ilunga alikuwa huru kutembea mpaka bombani. Siku ya saba kitanda chake kilipewa mwingine, yeye akatandika mkeka pembeni kwenye kona ya wodi, na kwenye fakture kona ile iliendelea kuitwa kitanda, dola 4 kwa usiku. Dada yake alileta bukari (ugali) na mboga ya lengalenga jioni, siku ambazo alipata nauli. Siku nyingine wagonjwa wenzake walimkatia. Asubuhi alifagia wodi bila kuambiwa, nadhani ili asionekane anakula bure.

Siku ya tisa kidonda kikafunguka. Antibiotiki ilikuwa imeandikwa ya siku saba, wifi alinunua ya siku tatu kwa sababu ndizo pesa zilizobaki baada ya sindano ya mjini. Kidonda kikaoshwa siku kumi, dola 2 kila siku. Hapa ndipo kisa hiki kinapojieleza chenyewe kwa tarakimu: usiku 31 baada ya kuruhusiwa, kwa dola 4, ni 124, kidonda 20, juu ya 214. Deni likafika 358. Alizuiliwa kwa sababu hana pesa, na kuzuiliwa kukaongeza kile anachodaiwa, huku sufuria yake ya bitumbula ikiwa imelala Katuba na mtaji wake wa unga na mafuta umeliwa na watoto wawili waliobaki na babu.

Sheria zinasemaje? Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, na cha 17 inahakikisha uhuru wa mtu. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Zaire ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa kushindwa tu kutimiza mapatano. Nilivisoma vifungu hivyo baadaye sana. Katika miaka saba, dirishani kwangu hakuja mwanasheria hata mmoja. Walikuja wachungaji, wajomba, na mara moja mbunge aliyekuwa anatafuta kura, akalipia akina mama wanne mbele ya kamera.

Ipo pia hati ya umaskini, inayotolewa na watu wa mambo ya kijamii. Mzee aliifuata. Siku ya kwanza hakumkuta mhusika, ya pili akaambiwa alete picha mbili na barua ya mkuu wa mtaa, na mkuu wa mtaa naye hakuandika bila chochote. Ilimgharimu kama dola 11 na nauli ili athibitishwe kuwa hana kitu. Akaniletea ikiwa na mhuri mzuri wa duara. Nikampelekea mhasibu mkuu. Aliisoma, akauliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu, na kusema kweli hata leo siwezi: "Nikimwachia kwa hii, nampelekea nani fakture?" Hati ilisema mtu huyu asilipe. Haikusema nani alipe.

Sasa nieleze jambo ambalo lilinifumbua macho, na ambalo lilikuwa mezani kwangu siku zote.

Juma lile lile daktari yule yule, kwenye meza ile ile, alimpasua mke wa dereva wa mashine wa kampuni ndogo inayofanya kazi kwa ajili ya mgodi mkubwa. Abone. Hakuulizwa dhamana. Vifaa vilitoka stoo yetu, ile niliyoambiwa haina sindano ya ganzi. Operesheni ilianza dakika arobaini baada ya uamuzi. Siku ya tano alikwenda nyumbani kwa gari la kampuni. Fakture yake ilikuwa dola 410, kwa kuwa bei ya abone ni kubwa zaidi, na nikaituma kwa kampuni mwisho wa mwezi pamoja na nyingine.

Kampuni ile ililipa Januari. Miezi minne. Ilikuwa kawaida, na nyingine zilichelewa zaidi. Tuliandika barua za heshima, tukapiga simu, tukangoja. Hakuna mtu wa kampuni aliyelazwa kwenye mkeka. Hospitali yetu, iliyodai kuwa haiwezi kumkopesha mke wa mchimbaji dola 214, ilikuwa inaikopesha kampuni maelfu ya dola kila robo mwaka, bila riba wala rehani. Na mkopo huo ulitoka wapi? Ulitoka kwenye pesa taslimu za prive, wale wanaolipa kabla ya kisu. Nilikaa na daftari zangu mbili usiku mmoja, ya prive kushoto na ya abone kulia, nikaona kwamba maskini wa Katuba ndio waliokuwa wakiendesha hospitali wakati wenye madini wanajipanga kulipa. Nilimwonyesha mhasibu mkuu. Akasema, "Unagundua leo?"

Mama Ilunga alitoka Oktoba. Akina mama wa kanisa lake walichanga dola 90. Mzee aliuza mabati aliyoyanunua kwa pesa za mwaka 2003, akapata 60. Mume alituma 80 kwa simu kutoka Kolwezi. Jumla 230, na mhasibu akakubali, kwa sharti la ahadi ya maandishi kwa 128 zilizobaki na kitambulisho kiwekwe rehani. Kitambulisho chake kilikuwa kadi ya mpiga kura, kama ilivyo kwa Wakongomani wengi.

Nilipiga hesabu ya mwisho. Kwa kumshika siku 31 hospitali ilipata 230 mahali pa 214. Dola 16 zaidi, ukisahau maji, nafasi, muda wa wauguzi na kidonda. Na hizo 230, karibu zote, zingeweza kupatikana juma la kwanza kwa kumruhusu aende akatafute: kanisa lilikuwepo, mabati yalikuwepo. Kuna wenzangu wanaosema mtu akishatoka harudi. Wengine hawarudi, ni kweli. Lakini kampuni nazo, zipo zilizofunga ofisi zikaondoka na fakture zetu, na hatukuacha kuwapokea wagonjwa wa nyingine.

Mwezi Desemba mwaka huo huo, tarehe 13, ikatoka sheria namba 18/035 kuhusu afya ya jamii na bima ya afya kwa wote. Septemba 2023 rais akazindua Kinshasa huduma ya kujifungua bila malipo, ienezwe mkoa baada ya mkoa. Ninaifurahia, na nina wasiwasi wa karani: Mfuko unaolipia akina mama ukichelewa miezi minne kama kampuni, wodi itarudi kumtazama mtu aliye karibu, na aliye karibu ni yule mama kitandani. Orodha ya dawa za duka la ng'ambo itarudi kwanza, kimya kimya. Kwa hiyo nikisikia neno "bure", mimi huuliza tarehe ya malipo. Na kwa Katanga huuliza zaidi. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha, malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, na maeneo yenye migodi asilimia 15. Fungu la kulipa fakture za prive wasio na kitu, wilaya kwa wilaya, kwa hati ile ile ya umaskini, halihitaji sheria mpya. Linahitaji hati ile iandikwe chini yake jina la mlipaji, ili mhasibu awe na pa kupeleka karatasi.

Kadi ya Mama Ilunga niliiweka kwenye droo, ndani ya bahasha yenye namba ya fishi. Alirudi siku mbili kabla ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, mtoto mgongoni, mnene, amevaa kofia ya sufu. Alikuwa na dola 10. Ufunguo wa droo alikuwa nao mhasibu mkuu, na mhasibu mkuu alikuwa amekwenda likizo ya Noeli. Nilimwandikia risiti ya 10. Ikabaki 118.